Fomu tatu kwa shida moja: namba ya malalamiko si karatasi ya kutupa

Goma – Katika mitaa ya magharibi ya muji wa Goma, familia nyingi zilizokimbia vita zimekwisha kujaza fomu ya malalamiko zaidi ya mara moja, juu ya shida ileile. Mtu anajaza, anangoja, hapati jibu, anajaza tena. Wengi wanafikiri kwamba kujaza mara nyingi kunatia malalamiko nguvu. Mara nyingi kunayavunja vipandevipande.

Ndivyo ilivyomfikia mama mmoja aliyekimbia Kitshanga, katika Masisi, mwanzoni mwa mwaka 2023, wakati mapigano yalipofika huko. Alipokelewa katika kambi ya Bulengo. Siku ya kuandikwa alikuwa na mtoto mmoja tu mgongoni. Wengine wanne walikuwa bado njiani na shangazi yao. Mwandishi akaweka: watu wawili. Watoto walipofika, orodha ilikuwa imefungwa. Tangu siku hiyo, chakula cha watu wawili kililiwa na watu sita.

Katikati ya mwaka 2024 alienda kwenye meza ya malalamiko ya kambi. Kijana wa meza alimjazia fomu, akaiingiza katika kompyuta, akampa kikaratasi chenye namba. Mama hakujua namba hiyo ni ya kazi gani. Aliikunja na kuiweka ndani ya plastiki ya karte yake ya uchaguzi, kwa sababu huko ndiko anakoweka kila kitu kisichopaswa kulowa.

Miezi ilipita bila jibu. Akaomba simu ya jirani, akapiga laini ya bure. Aliyepokea alisema atatuma maulizo ya kujibu kwenye simu. Maulizo yalikuja, mtoto wa jirani akayajaza. Hakuna aliyemuuliza mama kama ana namba ya kwanza.

Hapa ndipo shida ilipozaliwa. Programu ambazo mashirika hutumia kupokea malalamiko zinafanya kazi kama kabati la dosiye. Kila lalamiko jipya linafunguliwa dosiye yake na kupewa namba. Mtu akijaza fomu nyingine baadaye, kompyuta haijui yenyewe kwamba ni mtu yuleyule na jambo lilelile. Ikiona namba ya dosiye ndani ya fomu, inaiweka fomu mahali pake. Isipoiona, inafungua dosiye mpya. Dosiye mpya inaanza na tarehe ya leo, na inapanga mustari nyuma ya zote zilizotangulia. Anayeisoma hajui kwamba mama huyu amekwisha kungoja miezi mingi.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini wasitafute kwa jina? Katika Congo, mtu anaandikwa kwa jina, postnom na prénom. Huyu anaanza na moja, yule na lingine. Jina la kijijini linaandikwa kwa herufi moja huko Masisi na kwa nyingine huko Goma. Karte ya uchaguzi nayo, ambayo watu wengi wanaitumia kama kitambulisho, haisaidii sikuzote: karte nyingi zilizotolewa mwaka 2023 zilifutika maandishi haraka. Dosiye ya kwanza ya mama huyu ilianza na postnom, ya pili na prénom. Kwa kompyuta, hao ni wanawake wawili.

Na simu je? Simu ina hatari yake. Jirani aliyemuazima mama simu aliazima familia nyingine tatu pia. Programu ilikuwa imepangwa kuunganisha kila fomu inayotoka kwenye namba moja ya simu. Fomu za familia nne zikaingia katika dosiye moja, kama vile ni mtu mmoja anayelalamika mara nne. Aliyeshughulika na dosiye hiyo alijibu fomu ya kwanza, akafunga yote. Familia tatu zilibaki nje bila kujua. Kuunganisha vibaya kunaweza kuumiza kuliko kutounganisha.

Kisha likaja lingine. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025 vita vilifika Goma penyewe, na mwezi wa pili kambi za pembeni ya muji, Bulengo pia, zikabomolewa. Watu wakatawanyika. Meza ya malalamiko haikuwako tena, wala bloku, wala shefu wa bloku aliyewajua wote. Mama hakurudi Kitshanga. Alipokelewa na ndugu wa mume wake huko Ndosho. Huko akajaza fomu ya tatu.

Safari hii alimkuta kijana mwenye subira. Aliposikia neno Bulengo, aliuliza: “Mama, huko hawakukupa namba?” Mama akafungua plastiki ya karte, akatoa kikaratasi. Kijana akaandika namba, na dosiye ya kwanza ikatokea. Akatafuta zaidi, akaona ya pili, iliyofungwa pamoja na fomu za majirani. Juu yake palikuwa pameandikwa kwamba mlalamikaji hapatikani kwa simu. “Mwanangu,” mama akasema, “simu haikuwa yangu.”

Kijana hakufungua dosiye mpya. Fomu ya tatu aliiweka chini ya namba ya kwanza. Ile ya pili aliitoa kati ya fomu za majirani, akaileta huko pia. Zile tatu zilizobaki akazifungulia kila moja dosiye yake, kwa tarehe zilezile za zamani. Sasa anayefungua dosiye ya mama anasoma habari moja tangu mwanzo: mwaka 2024, watoto watano, orodha yenye watu wawili. Orodha haijarekebishwa bado, na msaada wenyewe ni mchache. Lakini hakuna tena anayeweza kumwambia mama kwamba malalamiko yake ni ya juma lililopita.

Kuna jambo moja ambalo halipaswi kuunganishwa. Mtu akitaka kushitaki mfanyakazi aliyemuomba pesa au mwili wake ili aandikwe, fomu hiyo isiwekwe katika dosiye ya chakula ambayo kila mtu wa ofisi anaweza kuifungua. Inaomba dosiye ya peke yake, inayosomwa na watu wachache waliochaguliwa. Anayelalamika ana haki ya kuuliza, kabla ya kusema neno: nani atasoma hii?

Kwa malalamiko mengine yote, mama huyu sasa anawaambia majirani wa Ndosho mambo matatu. Namba iandikwe mahali pawili, na mtoto anayesoma aijue kwa kichwa. Simu ikiwa ya kuazima, hilo lisemwe na liandikwe ndani ya fomu. Na kila mara fomu inapojazwa, swali liulizwe kwanza: “Unafungua dosiye mpya, ao unaongeza kwenye ile ya zamani?”

Wanaoketi nyuma ya kompyuta nao wana sehemu yao. Fomu isiyo na nafasi ya kuandika namba ya zamani inatengeneza dosiye za bure, na kutafuta kabla ya kufungua kunachukua dakika chache. Mama wa Kitshanga alilipa dakika hizo kwa miezi mingi ya kugawanya sahani mbili kwa watu sita.