Likizo ya Feri

Jumatano, 27 Agosti 2025

Nimevuka alfajiri na pantoni kutoka Kigamboni, nimebanana na wachuuzi wenye ndoo tupu wanaouwahi mnada. Siku hizi kuna pia boti ndogo za kampuni binafsi zinazovusha abiria, lakini nilitaka pantoni, nilitaka nisimame pembeni nione Magogoni inavyosogea. Kusi bado inavuma. Mwezi ni mchanga, usiku una giza, kwa hiyo boti za dagaa zimeshusha vizuri. Madalali wananadi kwa sauti zilizokauka, ukizubaa mzigo umeshachukuliwa na mtu wa Kariakoo.

Soko hili la samaki la Feri lilifunguliwa 2002, lilijengwa kwa msaada wa Japani, na mimi nilianza kukaanga hapa muda si mrefu baadaye, nikiwa msichana. Jiko langu sasa ni la dada. Karai ni lile lile nililolinunua Gerezani kwa pesa yangu ya kwanza ya mchezo. Wateja wanamjua yeye. Dalali mmoja kijana ameniuliza, "Mama, mgeni hapa? Nikusaidie kuchagua?" Dada alitaka kumweleza mimi ni nani, nikamzuia. Nimekaa kwenye benchi, nimekula kibua kwa ugali, nikawatazama watu wakifanya kazi niliyoifanya miaka mingi. Wanaifanya vizuri.

Binti wa dada anapara samaki upande wa pili. Amekuja na kisu mkononi, magamba mpaka kwenye nyusi, akaniuliza mbele ya watu: "Mamdogo, Omani kukoje?" Waliokuwa karibu wote wakanyamaza. Nimemwambia tutaongea nyumbani. Swali lile si la kujibiwa kwa sentensi moja huku watu wanasubiri chenji zao.

Ijumaa, 29 Agosti

Kule Seeb, Omani, ninakofanya kazi za ndani, leo ingekuwa siku yangu ya mapumziko. Nataka niandike jinsi ilivyokuwa kabla sijaongea na mtoto wa dada, ili nisije nikamsimulia yale mazuri tu.

Nilifika Muscat Julai 2022. Joto la Julai la kule, mtu anayelalamikia Februari ya Dar hawezi kulikisia. Milima mikavu ya kahawia, haina jani. Nyumba nyeupe, barabara pana, na hakuna anayetembea kwa miguu. Hilo lilinitisha kuliko joto. Nimekulia mahali ambapo ukifungua mlango tu umeshaamkiwa na umeshaulizwa habari za mgonjwa wako. Kule nilifungua mlango nikaona ukuta wa jirani na gari lililofunikwa turubai. Miezi ya mwanzo nilifua nguo zisizo chafu ili mikono isikae bure. Simu za WhatsApp zilikuwa hazishiki, tukaishi kwa kutumiana sauti. Usiku nilikuwa nasikiliza sauti ya dada nikirudia, maana nyuma yake kelele za Feri zilikuwa zinasikika.

Mambo mawili yalinishika mkono.

La kwanza ni Bibi, mama yake mwajiri wangu. Amezaliwa Unguja, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Yeye na marehemu mumewe waliondoka baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964. Watu hudhani Waarabu wa Unguja walipanda jahazi wakaenda moja kwa moja "kwao". Wengi hawakuruhusiwa. Sultani wa Omani wa wakati ule, Said bin Taimur, hakuwataka, ni wachache tu waliopokelewa. Bibi alipita Dar, akakaa Mombasa miaka, akaingia Muscat 1972, baada ya Sultani Qaboos kushika nchi Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga. Qaboos alipoishika, nchi nzima ilikuwa na shule tatu. Waliotoka Unguja walikuwa wamesoma, wakawekwa maofisini, mashuleni, hospitalini. Na bado walichekwa. Kiarabu chao kilikuwa na kasoro, wakaitwa Wazanzibari, kana kwamba ni watu wa kupita. Bibi anasema Kiarabu cha mtaani alifundishwa na watoto wa jirani, yeye mtu mzima na watoto wake mwenyewe mgongoni.

Siku moja alinikuta jikoni nalia. Hakunibembeleza. Aliniambia, "Mwanangu, tafuta watu. Nyumba hii ni ya kazi, haitakutosha." Jioni ile ile akamwambia mwanawe kwamba Ijumaa yangu iwe nzima, tangu asubuhi mpaka usiku.

La pili ni samaki. Dereva alinipeleka Muttrah tununue vya wiki. Soko lao la samaki lilichorwa na wasanifu wa Norway, Snøhetta, likafunguliwa 2017, paa lake linapitisha upepo wa bahari. Nilipoingia tu, harufu ile ikaniweka sawa. Nikashika nguru, nikamfunua mashavu, nikamrudisha. Nikamshika wa pili, nikamrudisha. Muuzaji akaniangalia, akainama chini ya meza akatoa mwingine kwenye barafu, huyo sasa samaki kweli. Hatukusema neno. Tangu siku hiyo mimi ndiye ninayenunua samaki wa nyumba ile, na mwajiri wangu anakuja kuuliza jikoni leo tunakula nini. Sikuwa tena mtu aliyeletwa. Nilikuwa na kitu ninachokijua kuliko wao.

(Huu mwezi kule nguru hawavuliwi wala hawauzwi, kuanzia 15 Agosti mpaka 15 Oktoba, ili wazaane. Nimewaambia wavuvi wa hapa Feri, wakabishana nusu saa kama jambo hilo lingewezekana kwetu. Mimi nadhani lingewezekana kama mvuvi angepewa cha kula miezi hiyo.)

Jumatatu, 1 Septemba

Kariakoo. Bibi ameagiza kanga, na amesisitiza za kuvalika, siyo za kutundika. Nimepanda mwendokasi kutoka Kivukoni, nikashuka Msimbazi. Jengo jipya la soko limesimama karibu na lile la zamani alilolichora Beda Amuli, ambalo liliungua Julai 2021.

Mazungumzo kila duka ni amri iliyotoka mwishoni mwa Julai, ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo rejareja, uwakala wa pesa za simu na ufundi simu. Muuza kanga amefurahi sana. Anasema Wachina walikuwa wamekodi fremu mpaka yeye akakimbizwa kwa kodi. Nimemwelewa. Mtu aliyehangaika na fremu yake miaka hapaswi kufukuzwa na mwenye mtaji mkubwa aliyefika juzi. Omani nako kuna kazi zimetengwa kwa raia, na hakuna anayeona ajabu.

Lakini nilipotoka dukani nimemwona kijana wa Kichina anafunga maboksi, anaongea Kiswahili cha Kariakoo na mpagazi, wanataniana. Nikajiuliza ana mama wapi, na usiku anasikiliza sauti ya nani. Ukishakuwa mgeni mahali, huwezi tena kumtazama mgeni wa kwenu kwa jicho la zamani. Serikali itunge sheria zake, ni haki yake. Kijana yule asitukanwe mtaani, na hiyo pia ni haki yake.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimetembea kutoka Feri kwa pwani, nimepita makanisa ya Azania Front na Mtakatifu Joseph, mpaka Boma la Kale linalotazamana na boti za Zanzibar. Bibi aliomba picha. Lilijengwa 1867, enzi za Sultani Majid bin Said, aliyetaka mji wake mpya uwe hapa. Alifariki 1870 na mji haujamalizika. Kuta za mawe ya matumbawe, mlango wa kuchonga. Bibi na mumewe walipolala Dar 1964 waliuona mlango huo, yeye akiwa na mimba.

Nimemtumia. Amejibu kwa sauti fupi: ameuona, Mungu anijalie. Kisha akauliza kama kanga zimepatikana.

Jumapili, 7 Septemba, usiku

Mwezi umepatwa. Ulianza kuliwa pembeni, na ilipofika saa mbili na nusu ulikuwa mwekundu wote, ukakaa hivyo mpaka karibu saa nne. Msikitini kwetu imesaliwa sala ya kupatwa kwa mwezi. Wavuvi hawakutoka, kwa bamvua na mbalamwezi dagaa hawafuati taa. Tumekaa ufukweni, watoto wanapiga kelele, wazee wanasoma.

Kule Omani saa zimetangulia zetu kwa saa moja, na mwezi ni huo huo. Wenzangu wa Ruwi, Muscat, wamenitumia picha. Ndio watu niliowatafuta baada ya maneno ya Bibi: wa Tanga, wa Pemba, wa Kigoma, wawili wa Mombasa. Ijumaa tunakutana kwa mwenzetu anayesuka nywele, tunapika, tunacheza mchezo, kijumbe wetu ni mkali na haogopi mtu.

Mwaka jana mmoja wetu wa Tanga alifariki hospitalini, ghafla. Waajiri wake walifanya wajibu wao, lakini hawakujua jina la mama yake. Sisi tulijua. Tukapiga simu Tanga, tukasikia kilio, tukauliza wanataka aletwe au azikwe. Wakasema azikwe, maiti asicheleweshwe. Tukachanga, tukamwosha, akazikwa kule. Usiku ule niliporudi Seeb nilijua kwamba nimeshakuwa mkazi. Nina kaburi la kuzuru Muscat, na kuna watu ambao mimi nikianguka watajua wampigie nani Kigamboni.

Hilo sijamwambia mtu yeyote nyumbani mpaka leo. Nimemwambia dada usiku huu. Amenishika mkono, hakusema kitu.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeongea na mtoto. Amekuja na habari kamili: kuna dalali wa Kariakoo, anamtaka shilingi laki kadhaa za "kufuatilia", atampeleka kwa viza ya matembezi, mkataba atasaini akifika. Na anasema wenzake wawili wameshalipa.

Nimemweleza mambo kwa mpangilio nilioandika hapa. Nikamwambia pia kuhusu ripoti ya Human Rights Watch ya Novemba 2017. Walihoji wafanyakazi wa ndani 50 wa Kitanzania waliokuwa Omani na Falme za Kiarabu: walionyimwa mishahara, walionyang'anywa pasipoti, waliofanyishwa kazi bila siku ya kupumzika, waliopigwa. Mimi kule nimewaona wa namna hiyo kwa macho, tumewahi kumsindikiza mmoja ubalozini na nguo za mwilini tu. Viza ya mfanyakazi wa ndani imefungwa kwa mwajiri wake. Ukimkimbia, wewe ndiye unayeonekana mkosaji.

"Lakini wewe, Mamdogo, umepata nyumba nzuri."

Nimepata. Nyumba nzuri haiandikwi kwenye viza. Nilipata Bibi ambaye yeye mwenyewe alifika mji ule hana anayemjua. Hilo halipangwi na wakala wala ubalozi. Vinavyopangika ni vingine, na hivyo nimemtajia: mkataba uliouona na kuusoma ukiwa bado Dar, wenye mshahara kwa riali na siku ya mapumziko, wakala mwenye leseni, au kupitia TaESA, ambao ni wakala wa serikali wa huduma za ajira, mkataba wenye muhuri wa ubalozi wetu Muscat, simu yako mwenyewe, namba mbili za watu wa kule uzijue kwa kichwa, na akaunti kwa jina lako. Hapo ndipo mama yake alikunja uso. Nimesema mbele yake: asitume mshahara wote nyumbani. Riali moja ni zaidi ya shilingi elfu sita, na kwa hesabu hiyo nyumbani huonekana kama huko tunachota. Dada ni mtu mwema. Bado asitumiwe yote.

Mtoto ameuliza kama nikistaafu nitarudi. Nimesema ndiyo, upesi mno, na sina hakika.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimepitia Feri kununua papa mkavu wa kupeleka. Yule dalali kijana ameniita "Mama wa Omani", na amenipa bei nzuri. Dada amenikaangia changu wa njiani, amemfunga kwenye gazeti kisha kwenye mfuko, ingawa anajua ndani ya ndege sitamla.

Mtoto hajakata tamaa ya kwenda, na sikumwomba akate. Ana miaka 22, ana mikono mizuri ya kazi, na magamba ya Feri hayajamjengea hata chumba. Akienda vizuri nitampokea mwenyewe, na Ijumaa ya kwanza nitampeleka Ruwi. Jana amerudi Kariakoo kumwambia yule dalali kwamba anataka kuuona mkataba kwanza, wenye muhuri wa ubalozi. Amejibiwa kuwa mikataba haionyeshwi kabla ya malipo. Hajalipa. Wenzake wawili waliolipa hawajarudishiwa pesa zao.