Karata ya Kuacha

Karata haina huruma wala kinyongo. Humpa mtu jema bila ya kumpenda, na baya bila ya kumchukia. Basi mchezaji hapimwi kwa alichogawiwa, bali kwa jinsi alivyokitumia. Neno hili ni jepesi kulitamka, lakini wengi hulilipia ghali kabla ya kuliamini.

Miongoni mwa michezo ya karata ya Waswahili, yenye kopa, shupaza, uru na pao, majina yaliyotokana na lugha ya Wareno, uko mmoja ambao mshindi wake hutafuta sitini na moja. Ree ni 11, saba ni 10, mzungu wa nne ni 4, wa tatu ni 3, wa pili ni 2. Jumla ya yote ni 120; kwa hiyo 61 ni zaidi ya nusu. Mchezo huo hufunza kumbukumbu na subira, kwani turufu haitupwi ovyo, na ree haitangulizwi penye hatari. Lakini haufunzi kuacha. Kila karata iliyogawiwa lazima itoke mkononi.

Poka, mchezo uliokulia Marekani katika karne ya 19, una haki ambayo mchezo wa pwani hauna: mchezaji aweza kuziweka karata zake chini na kukataa kuendelea. Mwanafunzi aliyezoea kucheza kila alichopewa huiona haki hiyo kuwa woga. Kumbe ndiyo ngao yake. Katika poka ya karata mbili za siri na tano za wazi, jozi hupatikana mkononi mara moja tu katika migao 17, kwa wastani. Aingiaye kila mgao hununua matumaini kwa fedha taslimu.

Kanuni ya kwanza, basi, ni kuacha mikono mingi na kucheza michache. Ya pili ni kuijali zamu, kwa kuwa asemaye mwisho amekwisha kuyaona matendo ya wenzake. Ya tatu ni hesabu. Tuseme fungu lina shilingi 300, na kuendelea kwadai 100. Mchezaji ana kopa nne, naye angojea ya tano katika karata moja iliyobaki. Karata asizoziona ni 46, na kopa zilizosalia ni 9: bahati yake haifiki moja katika tano, na malipo yadai moja katika nne. Ikiwa hatazamii kupata zaidi baadaye, na aache. Ya nne ni kutojifanya mwenye nguvu mbele ya watu wengi, maana mmoja wao hakosi kuwa nayo kweli.

Mkulima wa Kibondo au Kasulu hahitaji meza ili aielewe hekima hii. Hana amri juu ya mvua. Ana amri juu ya mbegu. Huitenga kabla ya kula, na hata njaa ikimsihi, huogopa kuigusa. Lakini mwanawe atokapo sokoni na fedha ya maharage, akakuta jamvi limetandikwa na karata zinachanganywa, huenda akasahau kwamba fedha ile ina majina: mbegu, ada, dawa. Fedha yenye jina haifai kuwekwa katikati, hata kwa mkono mzuri, kwa sababu mkono mzuri nao hushindwa.

Tena shamba la mmoja halistawi kwa kukauka la jirani. Jamvini sivyo: kila shilingi aichukuayo mshindi imetoka mfukoni mwa mwenziwe, na kijijini mwenziwe ni jirani au shemeji. Tanzania inayo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, inayotaka leseni kwa waendeshao michezo hiyo. Lakini sheria haiwezi kuketi katika kila jamvi.

Atakaye kujifunza na acheze kwa punje za mahindi. Hesabu ni ile ile, karata ni zile zile, na hasira ya kushindwa huja vile vile. Ila jioni punje hurudi ghalani, na mtoto hakosi ada.