Upepo Mtungini

Hewa haina bei. Huingia nyumbani bila hodi, hupita katikati ya vidole, na mtoto mchanga huivuta bila kufundishwa. Kwa sababu hiyo ni vigumu kusadiki kuwa kitu chororo namna hii chaweza kubomoa ukuta. Walakini hewa iliyoshindiliwa si hewa ile uijuayo. Mafundi wa magari huiita upepo, nao huifunga katika mtungi wa chuma kwa mashine iitwayo kompresa. Kwa upepo huo hujaza magurudumu, hupuliza rangi, na hufungua nati zilizoushinda mkono. Siku hizi mashine hii imetoka katika magereji ikaingia majumbani. Yamkini katika mtaa wenu yuko mtu aliyegeuza banda la gari kuwa karakana, na ukuta mmoja tu wa matofali watenga mtungi wake na chumba wanamolala watoto. Ukuta huo ndio ulionitia haja ya kuandika.

Tuanze na hesabu. Mwaka 1662 Robert Boyle, mwanachuoni aliyezaliwa Ireland, alitangaza kanuni ambayo wewe msomaji labda umekwisha kuisoma darasani: hewa ikibanwa hata ikawa nusu ya nafasi yake, na joto lisibadilike, nguvu yake ya kusukuma huwa maradufu. Sasa chukua mtungi wenye upana wa sentimita 30, ambao geji yake yasoma bar 8, yaani karibu paundi 116 kwa kila inchi mraba. Kila sentimita mraba ya chuma chake yasukumwa nje kwa nguvu ya kilo 8 hivi. Kitako cha mtungi huo kina eneo la sentimita mraba 700 na kidogo. Basi chasukumwa kwa nguvu ya tani 5 na nusu. Uzito wa ndovu dume mpevu hauko mbali na hapo. Tena ndovu huyu hakuukalia mtungi. Yumo ndani, husukuma pande zote mchana na usiku, maadamu upepo haujatolewa.

Walinzi wake ni wawili. Swichi huzima mota geji ifikapo kipimo kilichowekwa. Swichi ikishindwa, valvu ya usalama hufunguka na kuutoa upepo kwa kishindo. Wako mafundi wanaokerwa na valvu inayovuja, wakaing'oa na kuziba tundu lake kwa bolti. Sina jina la upole la kuliita tendo hilo. Wako pia wanaounda kompresa kwa mtungi mkuukuu wa gesi, wakatoboa matundu na kuchomelea miguu, ilhali hakuna ajuaye chuma kimebaki unene gani. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, nayo haikuisahau mitungi ya hewa: yataka iwe na vyombo vya usalama na ichunguzwe na mtu aliyeidhinishwa. Mtungi hupimwa kwa kujazwa maji, si kwa upepo, maana maji hayabaniki. Chuma kikipasuka maji humwagika tu, bali upepo hurusha vipande.

Mahali pa kuiweka mashine pawe sawasawa, na chini ya miguu yake patiwe mipira minene, kwa kuwa hutetemeka. Mtetemeko wa miaka huchosha chuma hata kikafanya ufa penye maungio. Isibanwe ukutani. Iachiwe nafasi ya sentimita 30 au zaidi ipate kupoa, na mkanda wake uelekee mahali ambapo nguo wala vidole havifiki. Petroli na rangi zikae mbali, kwani swichi hutoa cheche kila iwakapo na izimapo, na mvuke wa petroli hautaki zaidi ya cheche moja.

Katika habari ya umeme watu wengi huikosea mota haki yake. Mota ya nguvu ya farasi 2 yataka wati 1,500 au zaidi kidogo, na inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule iutumiao ikiwa imekwisha kushika mwendo. Ukiiunga kwa waya mwembamba na mrefu, volti hupungua njiani. Mota huguna, hupata moto, mwisho huungua, na pengine waya hutangulia. Ipewe soketi yake yenye waya wa ardhi uliofungwa na fundi mwenye leseni. Ikiwa kazi iko mbali na soketi, urefushe mpira wa upepo, si waya wa umeme.

Wengine hupitisha upepo katika mabomba ya plastiki ya maji, kwa kuwa ni rahisi bei. Plastiki hiyo huzeeka ikawa kavu, na siku ipasukapo hutawanya vigae vikali kama chupa iliyovunjika. Bomba la chuma au la shaba ndilo lifaalo. Kadhalika, usimwelekezee mtu upepo, hata kwa mzaha, wala usijipangusie vumbi kwa huo. Ukipenya penye jeraha huingia chini ya ngozi. Ukipenya penye tundu la mwili huweza kupasua utumbo, na mizaha ya namna hiyo imekwisha kuua.

Limebaki jambo la maji, ambalo halionekani na ndilo lenye subira kupita yote. Hewa ya Mombasa yenye unyevu, ikishindiliwa kisha ikapoa, haiwezi kuuchukua mvuke wake wote. Mita moja ya ujazo yaweza kuacha maji ya kuzidi kijiko kikubwa. Hayo hutuama chini ya mtungi na kuula kwa ndani, huku rangi ya nje ikimeta. Ndiyo sababu chini ya kila mtungi pana koki ndogo. Kila jioni, kazi ikiisha, zima mota, teremsha upepo mpaka geji ikaribie sifuri, kisha fungua koki hiyo juu ya kopo na uyatazame maji. Yakiwa na wekundu hafifu, hiyo ni kawaida yake. Yakitoka na magamba ya kutu, koki ibaki wazi, plagi ing'olewe, na mtungi usijazwe tena mpaka upimwe.