Tulivyochagua Gari la Kuunga

Mama mwenzangu, naandika haya nikijua wapo watakaonicheka. Mwaka 2022, mume wangu akiwa bado anatembelea fimbo baada ya kiharusi, nilichukua fedha za vitumbua nilizoweka kwa miezi saba nikanunua gari la kuchezea. Wenzangu wawili wa umoja wa akina mama walinijia nyumbani, wakakaa, wakanywa chai, ndipo mmoja akauliza kwa upole kama habari aliyoisikia ni ya kweli. Nikasema ni ya kweli. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na mgonjwa yumo ndani?" Siku ile sikuwa na jibu. Jibu langu ni hili, ingawa limechelewa.

Tunakaa Chake Chake, hapa Pemba. Sisi ni watu wa kuja. Mimi nimezaliwa Muheza, mume wangu Korogwe, na tulivuka bahari kutoka Tanga miaka mingi iliyopita kwa ajili ya kazi yake ya umakenika. Miaka yote hiyo amekuwa akilala chini ya magari ya abiria yanayokwenda Wete, Mkoani na Konde. Watu wa hapa walimpenda kwa sababu hakuwa mwepesi wa kusema "nunua kipya". Kiharusi kilimshika mwaka 2021, upande wa kulia. Mkono uliokuwa ukifungua nati zilizoshikwa na kutu ukawa haushiki hata kijiko. Ulimi nao ukawa mzito.

Mwanangu wa mwisho alikuwa na miaka 13. Aliacha kukaa na baba yake. Hakuwa na jeuri, ila aliogopa. Baba akirudia neno mara tatu bila kueleweka hukasirika, hupiga meza kwa mkono wa kushoto, na mtoto huinuka akatoka. Siku moja mwalimu wake aliniita kuniambia kwamba kijana hajaonekana darasani kwa siku kumi na moja. Kumbe alikuwa akishinda Wesha, bandarini, akiangalia majahazi. Nilimpiga, nasema kweli, na kipigo hakikusaidia kitu.

Wapemba wengi wana ndugu Omani, na wageni kutoka Muscat hawakosi mtaani kwetu siku za likizo. Mwaka ule jirani yetu alipata mgeni wa namna hiyo, kijana mwenye gari la rimoti. Halikuwa kama yale magari ambayo watoto wetu huyatengeneza kwa kopo la mafuta na matairi ya kandambili, wakayasukuma kwa mti mrefu. Lile lilikwenda lenyewe, likapanda tuta la udongo, likarudi nyuma. Mwanangu aliingia jikoni akiwa amefungua mdomo, akaanza kunieleza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi kunieleza jambo lolote. Akasema, "Mama, likikata kona, gurudumu la nje linazunguka haraka kuliko la ndani!"

Kutoka chumbani tukasikia sauti ya mume wangu. Alijaribu mara mbili, na mara ya tatu likatoka neno moja: "Difu."

Mtoto akaenda mlangoni. "Difu ni nini, Baba?"

Mama mwenzangu, kama ungekuwa mimi, ungefanya nini? Nilizima jiko nikaanza kuhesabu fedha.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la kukurupuka. Nilikwenda katika duka moja la vyombo vya umeme nikanunua gari la rimoti la bei rahisi, jekundu, lenye taa. Lilidumu siku sita. Mume wangu alitaka lifunguliwe. Tukakuta limegundishwa kwa gundi, na gia zake zimekatika meno kama mahindi yaliyotafunwa na panya. Hakuna spea. Tena usukani wake ulijua mambo mawili tu, kulia kabisa au kushoto kabisa. Hapo ndipo nilipojifunza tofauti ambayo mzazi yeyote anafaa kuijua kabla hajatoa fedha. Gari la rimoti la kweli hukata kona kidogo ukizungusha usukani kidogo, na mwendo wake huongezeka kadiri unavyovuta kifyatuo. Na kila kipande chake hununuliwa peke yake.

Tukaamua kutafuta gari la kuunga, lile linalokuja kwenye sanduku likiwa vipande vitupu na kitabu cha michoro. Mkwe wa jirani, anayefanya kazi Muscat, alikubali kutununulia na kuja nalo. Kwa hiyo tulikuwa na miezi miwili ya kuchagua. Sasa naona miezi ile miwili ilitufaa kama gari lenyewe. Kila jioni mtoto alikaa kitandani pembeni mwa baba yake na simu yangu, wakitazama picha.

Mtoto alitaka dogo. Alikuwa ameona Mini-Z za kampuni ya Kyosho ya Japani, magari yenye uwiano wa 1 kwa 27 au 28, yaani yanaingia kiganjani, yanayotumia betri nne ndogo za AAA. Ni mazuri kweli, na mtu anaweza kuyaendesha sebuleni. Lakini sebule yetu ni saruji yenye nyufa, na nje ni udongo mwekundu na kokoto. Gari ambalo tumbo lake limeachana na ardhi kwa milimita chache tu lingekwama kwenye ganda la embe. Isitoshe, mengi ya aina hiyo huuzwa yakiwa yameshaungwa. Tungeunga nini? Kwa sababu hiyo hiyo tuliyaacha magari ya WLtoys ya Uchina ya uwiano wa 1 kwa 18, ingawa huja na rimoti, betri na chaja, na bei yake ni nafuu. Kwa mama anayetaka mtoto acheze leo leo, hayo si mabaya.

Mume wangu, kwa upande wake, aliipenda TT-02 ya Tamiya. Hii ni ya uwiano wa 1 kwa 10, na magurudumu yote manne huvuta. Ina difu ya mbele na difu ya nyuma, na shafti katikati, kama gari kubwa. Alikuwa akiuwekea kidole mchoro wake na kutikisa kichwa kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. Ubaya wake ni kwamba lile la kawaida limetengenezwa kwa ajili ya lami, limekaa chini mno. Lami tunayo, lakini hiyo ni ya magari yenye watu, na sitaki mwanangu akimbize kitu chochote katika barabara ya Wete.

La tatu lilikuwa Grasshopper, la Tamiya pia. Ni gari la zamani, lilitoka mara ya kwanza mwaka 1984, na kampuni ikalirudisha sokoni baadaye. Magurudumu ya nyuma peke yake ndiyo yanayovuta, na mota yake ni ndogo, ile wanayoiita 380. Ndugu yake, Hornet, ana mota kubwa zaidi ya 540. Wenye mashindano wataliona Grasshopper si kitu. Lakini matairi yake ya nyuma ni manene yenye meno, limeinuka kutoka ardhini, na chesisi yake ni kama mtumbwi. Mtambo wa umeme hukaa ndani ya mtumbwi huo, ganda likafunikwa juu, na mchanga ukazuiliwa kwa kiasi chake. Kwa mahali kama Pemba, ambapo chumvi ya bahari hula hata bawaba za milango, jambo hilo lina uzito.

Hata hivyo mtoto alinuna. "Hilo la wazee," alisema.

Kilichokata shauri hakikuwa barabara wala bei. Usiku mmoja nilichukua kopo la skrubu la mume wangu nikazimwaga kwenye sinia. Nikamwomba aokote kwa mkono wa kulia. Zile nyembamba za milimita mbili na chini, kama zilizomo katika magari madogo, zilimponyoka zote. Jasho lilimtoka, nikajuta kumjaribu. Kisha akashika moja ya milimita tatu. Ilitetemeka, lakini haikuanguka. Magari ya 1 kwa 10 yamejaa skrubu za ukubwa huo. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni akitazama, na sikujua yuko pale tangu lini. Akasema, "Basi tuchukue hilo la panzi." Panzi ndiyo maana ya jina lake.

Sasa, msomaji, usidanganywe na bei iliyoandikwa kwenye sanduku. Sanduku peke yake lilizidi kidogo dola 100, nami nikadhani nimemaliza. Kumbe rimoti na kipokezi ni mbali, sevo ni mbali (hicho ni kimota kinachogeuza magurudumu ya mbele), betri mbali, chaja mbali. Kidhibiti mwendo wakati mwingine kimo ndani ya sanduku na wakati mwingine hakimo, kwa hiyo uliza kabla hujalipa. Jumla yangu ilikuwa shilingi 530,000, nikabakiwa na fedha za unga.

Kuhusu betri, tulichagua ya nikeli yenye seli sita, volti 7.2. Zipo za lithiamu, nyepesi na zenye nguvu, lakini ukiziacha ziishe kabisa zinaharibika, na zikichajiwa vibaya zinaweza kuwaka moto. Tangu 2010 umeme wetu Pemba unatoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari, na tunashukuru, maana tunakumbuka siku za majenereta. Lakini bado unaweza kukatika na kurudi kwa kishindo, nami sikutaka moto chumbani mwa mtu asiyeweza kukimbia. Hata hii ya nikeli huchajiwa mchana, mtu akiwapo.

Sanduku lilifika Desemba. Tulitandika shuka jeupe juu ya jamvi, kwa ushauri wa mgonjwa mwenyewe, ili kitu kikiruka kionekane. Na viliruka! Kuna vipete vidogo vya chuma vinavyoshikilia vyuma vya magurudumu visichomoke. Ukikibana vibaya kinarukia usikokujua. Kimoja hatujakipata mpaka leo. Mahali pake mume wangu alielekeza kitengenezwe cha waya wa baiskeli.

Kazi waligawana hivi. Baba alisoma michoro, maana kitabu kimejaa picha na mtu aliyezoea mitambo huielewa bila lugha. Alishika kipande kwa mkono wa kulia juu ya goti, na mtoto akafunga skrubu. Jioni ya kwanza mtoto aliharibu vichwa viwili vya skrubu kwa bisibisi ya nyumbani. Baba akapiga meza. Nikasimama jikoni nikingoja kusikia mlango ukifungwa. Haukufungwa. Nikasikia, "Si... hiyo. Ile... ncha butu." Skrubu za Kijapani zina msalaba usiolingana sawasawa na bisibisi zetu nyingi, yenye ncha kali haikai vizuri. Walikwaruza ncha ya moja kwenye jiwe mpaka ikakaa. Tena skrubu inayoingia kwenye plastiki hukazwa mpaka ishike, basi. Ukiongeza, umekata njia yake. Hilo baba alilisema mara nyingi, na kila mara neno lilitoka jepesi zaidi kidogo, au labda masikio yetu ndiyo yaliyozoea.

Ilichukua jioni tisa. Siku ya difu nilizuiwa kuingia na chai, kwa sababu ya grisi. Mtoto alitoka na gia za koni kiganjani kunionyesha kwa nini gurudumu la nje huzunguka haraka. Alinieleza yote, na mimi nilijifanya nilikuwa sijui.

Gari haliko bila kasoro. Bushi zake tulizibadilisha kwa beringi baada ya miezi mitatu kwa sababu ya mchanga. Kwenye tope halisogei. Msimu wa karafuu liliingia katikati ya jamvi la jirani, likazunguka humo humo kama kuku mwenye kideri. Bibi alitoka na ufagio, "Lo! Gari lenu lanitia mchanga kwenye karafuu zangu!" Mwanangu alikaa saa nzima akichambua karafuu na mchanga, na baba yake alikaa karibu naye kwenye kiti, akicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Shule amerudi, ingawa hesabu bado zinamsumbua. Mkono wa mume wangu haujapona, na sitaki mtu aseme nimeandika kwamba gari huponya. Rimoti yetu ni ile ya kifyatuo, ambayo hushikwa na kuvutwa kwa mkono wa kushoto, na usukani wake mdogo huzungushwa kwa mkono wa kulia. Kifyatuo anakiweza, usukani bado. Kwa hiyo Jumamosi jioni huenda uwanjani, upande wa Gombani, wakasimama bega kwa bega na rimoti moja.

"Punguza moto, Baba, kuna kona."

"Wewe kata kona. Moto niachie mimi."