Sisi Watu wa Kunakili

Kijiweni kwetu Sombetini neno "kopi" ni tusi. Ukisema wewe ni mchoraji, swali la kwanza ni: unabuni au unakopi? Ukijibu unakopi, basi umekwisha, utawekwa fungu moja na wauza jezi feki. Leo nataka kuwatetea watu wa kunakili. Ni kweli ugali wangu unatoka huko, lakini ninayo sababu nyingine kubwa kuliko ugali.

Kazi yenyewe mnaijua. Turubai unalivuta kwenye fremu ya mbao, unapiga miraba kwa penseli, kisha unahamisha picha mraba kwa mraba. Simba, twiga, Wamasai na mikuki yao, Mlima Meru nyuma. Zikikauka, zinakwenda kwenye maduka ya karibu na Mnara wa Saa, na huko utapatana bei mpaka koo likauke. Siku moja ikaja dili ya aina nyingine. Mgeni mmoja mzee aliniletea picha yenye ukubwa wa daftari, akataka nimchoree kwa mkono nakala tatu za rangi ya mafuta: moja yake, mbili za watoto wake. Nikaitazama. Wanaume wako uchi kando ya mto, wengine wanapanda ukingo mbiombio, mmoja anahangaika kuvuta soksi kwenye mguu uliolowa. Nikamwuliza, "Mzee, hii ni picha ya nini?" Akasema, "Vita." Sasa vita gani jamani, adui mwenyewe haonekani?

Kisa chake ni hiki. Mwaka 1504 wakuu wa mji wa Florence, Italia, walimpa Michelangelo kazi ya kuchora kwenye ukuta wa ukumbi wa baraza lao. Alitakiwa achore mapigano ya Cascina ya mwaka 1364, mji wao ulipopigana na Pisa. Katika ukumbi huohuo Leonardo da Vinci alikuwa amepewa vita nyingine. Michelangelo alichagua dakika ile askari wa Florence walipokuwa wanaoga mtoni na mbiu ya hatari ikapigwa. Akatengeneza mchoro wa maandalizi, mkubwa kabisa. Mwaka 1505 Papa akamwita Roma, na ukuta ule hakuupaka rangi kamwe. Ukabaki mchoro tu. Vijana wakamiminika kuunakili, Raphael akiwa mmoja wao. Ukashikwashikwa, ukakatwa vipande, na vipande vikapotea.

Lakini mmoja wa vijana wale, Aristotile da Sangallo, alikuwa ameunakili. Yapata mwaka 1542 aliigeuza nakala yake kuwa picha ya rangi ya kijivu, na picha hiyo ipo hadi leo katika jumba la Holkham Hall, Uingereza. Hiyo ndiyo aliyoniletea mzee. Mwenye kipaji kikubwa kuliko wote aliacha karatasi ikaliwa na mikono ya watu. Aliyetuhifadhia umbo lake zima ni kijana wa kukopi. Kwetu pia si mbali na hapo. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972 akiwa amechora kwa miaka michache tu. Kama wanafunzi wake wangeona haya kurudia mtindo wa mwalimu wao, tungekuwa na nini leo?

Sababu yangu kubwa, hata hivyo, niliipata nilipofika nakala ya tatu. Ukichora mgongo uleule mara tatu, mkono unaanza kuuliza maswali ambayo jicho halikuuliza. Nikagundua kwa nini adui haonekani. Mchoraji hakusimama kilimani akitazama majeshi. Amesimama palepale mtoni, na watu wa mji wake, wakati bado wana maji mwilini na hofu usoni. Picha ya vita ina pa kusimama, na pa kusimama pana upande.

Ndipo nikakumbuka vita yetu yenye maji. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji wa Maji Maji walilishambulia boma la Wajerumani huko Mahenge. Waliamini dawa ya maji ingezigeuza risasi kuwa maji. Bomani walikutana na askari na bunduki mbili za rashasha. Shahidi mmoja wa upande wa boma aliandika kwamba wapo waliofika hatua tatu tu kutoka mstari wa wapiga risasi, ndipo wakaanguka. Mapigano hayo yamechorwa, na picha yake inajulikana. Aliyeichora ni Wilhelm Kuhnert, Mjerumani aliyesifika kwa picha za simba na tembo, na ambaye mwaka ule alikuwa safarini huku kwetu. Fundi hasa, sibishi. Lakini alisimama upande wa bunduki.

Kalamu ilishatangulia: Ebrahim Hussein alituandikia tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969. Brashi yangu ilikuwa bado kwenye twiga. Sasa jioni, nikishamaliza simba wa watu, napiga miraba ya kazi isiyo na mteja. Ni mchoro wa maandalizi tu, penseli na kijivu. Boma sijalichora wala sitalichora. Yupo mtu wa hatua ya tatu. Mgongo wake nimeukopa Cascina, sifichi. Uso ndio unaonisumbua. Nimeufuta mara nne, maana sitaki awe mjinga aliyedanganywa na maji, wala sitaki awe sanamu la shujaa wa kwenye stempu. Nataka awe mtu aliyekwisha kuona wenzake wanaanguka, akajua, na bado akapiga hatua.

Mwenye chumba anataka kodi, na washikaji wanauliza nani atanunua picha ya vita isiyo na adui. Ninyi mnaoandika hadithi na mashairi humu, nakilini bila haya, mstari kwa mstari, mpaka mjue yule bwana mnayemnakili alisimama wapi. Mkishajua, angalieni kama na ninyi mnataka kusimama hapo.