Mashine Kongwe na Mapatano Mapya

Mji wa Voi una njia mbili za reli. Moja ni ya zamani, yenye upana wa mita moja, nayo ndiyo iliyozaa lile tawi la Taveta lililojengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, likapita hapa Mwatate. Ya pili ni ile ya Mombasa na Nairobi iliyofunguliwa mwishoni mwa Mei 2017, na upana wake ni milimita 1,435. Behewa la reli ya zamani laweza kuwa zima kabisa: magurudumu hayana ufa, breki zashika, viti havijachakaa. Walakini ukiliweka juu ya reli mpya halitakwenda hata hatua moja. Si bovu, ni kwamba vipimo vyake havipatani na njia iliyo mbele yake.

Nimeanza na reli kwa sababu nataka kusema habari za kompyuta kuukuu, na sioni mfano ulio karibu zaidi na macho ya watu wa Taita Taveta. Wengi hudhani kwamba kompyuta huzeeka kama kiatu, kwa kulika kidogo kidogo mpaka kidole kitokeze. Mimi naona huzeeka kama behewa. Chuma chake hukaa. Kinachoiacha ni mapatano. Kompyuta mbili zikitaka kusemezana hazianzi kusema ovyo. Hutangulia kuamkiana, kujitambulisha, na kukubaliana namna ya kufumba maneno ili mpita njia asiyaelewe. Taratibu hizo huitwa itifaki, na watu hawaachi kuzibadili. Mashine ambayo haikufundishwa mabadiliko hayo hubaki mlangoni ikitoa salamu ambayo hakuna anayeiitikia tena.

Katika shule moja ya upili ya hapa Mwatate, mwalimu wa somo la kompyuta aliniomba nimsaidie kutazama mashine 12 za mezani. Zilikuja kutoka ng'ambo, zikiwa zimekwisha kutumika katika ofisi za watu, na mbili zilikuwa bado na karatasi ya namba ya chumba ubavuni. Zote ziliendeshwa na Windows XP, mfumo uliotolewa mwaka 2001. Ziliwaka vizuri. Wanafunzi walipiga chapa na kufanya majedwali ya hesabu juu yake bila taabu. Kwenye mtandao, hata hivyo, hazikufika popote. Ruta ilikuwapo, kifurushi cha intaneti kilikuwa kimelipiwa, na simu ya mwalimu ilifungua kila ukurasa palepale. Lakini mashine zote 12 zilijibu kwamba ukurasa hauwezi kuonyeshwa.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili lilikuwa la kupoteza wakati. Katika nchi yetu ya Kenya, kijana aliyemaliza kidato cha nne huomba nafasi ya chuo kwa njia ya mtandao, kupitia KUCCPS, shirika lililowekwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Mkopo wa masomo wa HELB nao huombwa vivyo hivyo. Ukurasa wa maombi hufunguliwa kwa siku zilizohesabiwa, kisha hufungwa. Vijana waliomaliza walikuwa wakirudi shuleni kutaka msaada, na mwalimu alikuwa hana la kufanya ila kuwaelekeza saiba mjini. Mtoto wa kibarua wa shamba la mkonge akipata alama za chuo, shilingi za nauli na za saiba si kitu kidogo kwao nyumbani. Lakini lililomuudhi mwalimu zaidi halikuwa shilingi. Alisema kwamba huko mjini mara nyingi kijana hajazi fomu yake mwenyewe. Hujaziwa na mtu mwenye haraka, na foleni imesimama nyuma, na chaguo la maisha mazima hufanywa kwa dakika tano na vidole vya mwingine.

Basi tulianza kwa kutazama saa. Kila ukurasa wa siri, ule ambao anwani yake huanza kwa https, huja na cheti cha kujithibitisha, na cheti hicho kina tarehe mbili, ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta hukilinganisha na saa yake yenyewe. Ndani ya kila kompyuta ya mezani mna betri ndogo, bapa kama sarafu, inayoiwezesha saa kwenda hata umeme unapozimwa. Katika mashine nne betri hizo zilikuwa zimekwisha, na kila asubuhi zilipowashwa ziliamini kwamba ulimwengu umo katika tarehe 1 Januari 2002. Zilipoletewa cheti kilichotolewa zaidi ya miaka 20 baadaye, zilikikataa. Sikuweza kuzilaumu. Askari wa lango akionyeshwa kitambulisho kilichoandikwa mwaka ambao haujafika, afanye nini ila kufunga lango? Betri mpya zilipatikana Voi kwa fedha kidogo, na saa zikarudi katika haki yake.

Milango mingi, hata hivyo, ilibaki imefungwa, kwa kuwa sababu ya pili ilikuwa ndani zaidi. Cheti cha ukurasa hutiwa sahihi na mwenye mamlaka, naye huaminiwa kwa cheti kingine kilicho juu yake, hata ufike kwenye shina ambalo kompyuta imewekewa pamoja na mfumo wake. Shina nalo lina siku ya kwisha. Tarehe 30 Septemba 2021 lilikwisha muda shina moja lililotegemewa na vyeti vya Let's Encrypt, shirika litoalo vyeti bila malipo. Duniani kote simu na kompyuta za kale ambazo hazikuwa na shina jipya ziliamka zikiwa zimefungiwa kurasa ambazo jana yake zilizifungua. Hapakuvunjika kitu chochote. Siku ilifika tu.

Tena iko itifaki yenyewe ya kufumba maneno, iitwayo TLS. Toleo lake la kwanza ni la mwaka 1999, la 1.2 ni la 2008, na la 1.3 ni la 2018. Mwezi Machi 2021, IETF, jamii ya wataalamu wanaotunga kanuni za intaneti, ilitangaza kwamba 1.0 na 1.1 ziachwe kwa kuwa si salama tena. Windows XP ya kawaida ya mezani haikujua 1.2. Kivinjari cha Firefox, ambacho hubeba TLS yake chenyewe, kiliisaidia kwa muda, lakini matunzo ya toleo la mwisho lililokubali XP yalikoma mwaka 2018.

Labda mtu atauliza: kwa nini tusitafute hila ya kuipitisha XP mlangoni, mradi ifike? Hila zipo. Mimi nilizikataa, na sababu yangu ni hii. Microsoft iliacha kuitunza XP tarehe 8 Aprili 2014. Mei 2017, mwezi uleule reli mpya ilipofunguliwa, programu haribifu iitwayo WannaCry ilipenya katika itifaki ya kale ya kushirikiana mafaili, ikafunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Hospitali za Uingereza zililazimika kuwarudisha wagonjwa. Na tazama jambo la ajabu: wengi wa waliopatwa hawakuwa na XP, bali Windows 7, ambayo dawa yake ilikuwa tayari tangu mwezi Machi, ila hawakuitia. Kwa hiyo umri peke yake haukuwaua. Mashine ya kale iliyosasishwa ina salama kuliko mpya iliyopuuzwa. Bali mashine ambayo hakuna tena wa kuitengenezea dawa, kuiingiza mtandaoni pamoja na siri za watoto wa watu ni kuwatoa kafara.

Niliona afadhali tuondoe XP, tuweke Linux. Mwalimu hakukubali upesi, na hoja yake ilikuwa nzito. Somo la kompyuta katika mtihani wa KCSE lina karatasi ya vitendo, na wanafunzi wake walikuwa wamezoea programu fulani; je, tuwabadilishie vyombo mwaka wa mtihani? Tulishindana kwa heshima muda wa chai mbili. Mwisho tukagawanya: mashine tatu zibaki na XP kwa mazoezi ya mtihani, lakini waya wa mtandao ung'olewe kabisa, na tisa zigeuzwe. Zile tatu zilitoa pia nusu ya kumbukumbu zao ili wenzao wapate nguvu, maana kurasa za siku hizi ni nzito kupita kiasi. (Hilo ni neno la pembeni, lakini lazima niliseme: watengenezaji wa kurasa wangefanya kazi juma moja tu juu ya mashine hizi, wangejifunza ufupi.)

Wakati wa kusakinisha, niliwasimulia wanafunzi kwamba mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili. Walistaajabu kusikia kwamba mashine yaweza kuwaambia "hifadhi" badala ya kuwaambia kwa Kiingereza.

Kazi yenyewe ilikuwa ya jasho zaidi ya elimu. Tulifungua kila sanduku na kupangusa vumbi jekundu la nchi hii, lililokuwa limeziba mapangaboi. Mashine mbili zilizokaa mbali na swichi zilikuwa na kadi zisizotumia waya, nazo zilitutegea kitendawili: kadi haisemi pasipo programu yake, programu ile iko mtandaoni, na mtandao haufikiki pasipo kadi. Tuliichukua kwa mashine iliyokwisha kuunganishwa, tukaileta kwa flashi. Kisha ulikuwapo uhaba wa kifurushi. Mashine tisa zikipakua masasisho yaleyale kila moja peke yake, fedha huliwa mara tisa. Tukaifanya mojawapo kuwa ghala: yenyewe hupakua mara moja na kuweka, na wenzake huja kuchukua kwake kwa waya wa ndani ya chumba, bila kugusa kifurushi.

Tuliweka Debian toleo la 12, la Juni 2023, kwa sababu mashine tatu kati ya hizo tisa zina vichakataji vya biti 32. Toleo la 13, lililotoka Agosti 2025, halina tena njia ya kusakinishwa katika kompyuta za namna hiyo. Sita zitavuka kwenda toleo jipya. Tatu zitafika mwisho wa njia yao hapo zilipo, na siku hiyo nazo zitang'olewa waya. Wanafunzi wanalijua hilo. Wamebandika ukutani karatasi yenye namba ya kila mashine, tarehe ya betri yake, na tarehe ya sasisho la mwisho. Kila Ijumaa jioni wawili wao huja kwa zamu, huwasha ghala kwanza, kisha nyingine, na kuandika tarehe mpya.

Siku za maombi zilipofika, msichana mmoja aliyemaliza mwaka uliotangulia alikaa mbele ya namba 7 tangu saa nane. Ukurasa ulifunguka polepole, lakini ulifunguka. Alisoma masharti ya kila kozi, akaandika kwenye daftari, akafuta chaguo lake la kwanza mara mbili, akatoka nje kumpigia mama yake simu, akarudi. Mwalimu alikuwa amekwisha kufunga madirisha mengine yote. Alivuta kiti karibu na mlango, akaanza kusahihisha madaftari.