Rawda ya Alhambra: Makaburi Yasiyo na Watu



Wapenzi wasomaji, nimeombwa niandike machache kuhusu picha nilizoleta kutoka Hispania, nchi ambayo sehemu yake Waislamu wa zamani waliiita Al-Andalus. Wengi wenu mmeshaziona zile za matao ya Msikiti wa Cordoba na za simba 12 wa marumaru wa Granada. Hizo sitazieleza sana, kwani kila mwenye kamera huzipiga. Nataka kusema juu ya zile ambazo watu hunirudishia upesi kwa kuwa haziwavutii: kuta fupi, majani na udongo.

Alhambra ni ngome yenye makasri juu ya kilima mjini Granada. Ujenzi wake ulianzishwa mwaka 1238 na Muhammad wa Kwanza, wa ukoo wa Banu Nasr. Nilikwenda huko mwaka 2018 pamoja na mama yangu. Tiketi ya makasri ya wafalme huandikwa saa ya kuingia, na ndani taa ya kamera hairuhusiwi, wala stendi. Ikabidi nibane viwiko mbavuni na kuzuia pumzi kila nilipobonyeza. Kutani mmechongwa maneno "Wa laa ghaaliba illa Llaah", hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, yakarudiwa mara nyingi mno. Mama, ambaye hajui lugha hata moja ya Ulaya, alikuwa akiyasoma kwa sauti kama mtoto wa chuoni, na wageni wakageuka kumtazama!

Tulipotoka tukafika Rawda, maziara ya wafalme hao. Ipo kati ya Kasri ya Simba na kanisa lililojengwa palipokuwa na msikiti mkuu. Mwaka 1574 yalionekana hapo mawe ya makaburi yenye majina, likiwemo la Yusuf wa Kwanza. Lakini maiti wenyewe hawamo. Muhammad wa Kumi na Mbili, ambaye Wahispania humwita Boabdil, aliukabidhi mji tarehe 2 Januari 1492, na mabaki ya wazee wake akayahamishia Mondújar, kusini ya Granada.

Watu wengi hupita hapo bila kusimama. Kwa kweli si rahisi kupapiga picha. Ukisimama wima huoni kitu ila kama msingi wa nyumba ambayo haikumalizwa, na jua la mchana hufuta kila kivuli. Nilichuchumaa hadi kamera ikakaribia ardhi, ndipo zile kuta zikainuka kidogo. Mtu sikumtia katika picha hata moja. Vijana wawili walikuwa wakipanda juu ya ukuta na kucheka mbele ya kamera yao, nami nikangoja waondoke.

Mama akaniuliza, "Mwanangu, tuwatolee salamu watu wa makaburi?"

"Hawamo, mama. Walihamishwa."

Akafikiri kidogo. "Basi tuwaombee huko waliko." Akainua mikono, nami nikaiacha kamera ining'inie shingoni.

Alasiri tulishuka mjini kwenye kanisa walikozikwa Ferdinand na Isabella, wale waliokabidhiwa mji. Juu pana sanamu zao za marumaru wakiwa wamelala, na chini, katika chumba kidogo, majeneza ya risasi yasiyo na pambo lolote. Siku hiyo picha zilikuwa haziruhusiwi, na mlinzi alisimama karibu. Sikuchukia. Adabu ile ya makaburini ni njema, ila natamani na Rawda ingepata mlinzi wake. Mama aliyatazama yale majeneza kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akauliza Mondújar ni mwendo wa saa ngapi.

Safari ile hatukuwahi kufika. Mama bado ananidai.